Imeishia Patamu

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba hadithi fulani ya katuni imechorwa kisawasawa, umeisifu na mambo yameishia hapo. Ukisema hivyohivyo katika kijiji cha Kisawasawa, kwenye barabara inayotoka Mikumi kupitia Kidatu kwenda Ifakara, hakosi mmoja wa kuuliza: "Kwani imechorwa hapa?" Barabara hii ina majina ya kumfurahisha mpenda maneno. Ukitoka Kisawasawa kuelekea Ifakara unapita Kiberege, kisha Signali, kisha Kibaoni. Mgeni akisikia kiberege na signali anadhani vijiji vyote vimebatizwa na wajenzi wa TAZARA, reli iliyozinduliwa mwaka 1976. Kwa Kiberege sivyo. Jina hilo limo katika maandishi ya utawala wa Waingereza tangu miaka ya 1930. Lakini hayo tuyaache, jambo langu leo ni katuni, na hasa maneno ya watu wanaozisoma na kuzitolea hukumu.

Kwenye banda moja la kinyozi hapo Kisawasawa kuna rundo la magazeti ya katuni ya zamani. Mengine hayana jalada, mengine yamebaki kurasa za katikati tu. Anayesubiri zamu yake huchukua moja, husoma, hucheka peke yake, kisha hutoa uamuzi. Nilimkuta kijana mwenye kandambili zenye tope bichi la majaruba akimwambia mzee aliyekuwa ananyolewa: "Mzee, stering wa humu kazubaa. Anapigwa mpaka ukurasa wa tatu!" Mzee, kichwa kikiwa chini ya mashine, alimjibu bila kugeuka: "Mwanangu, hilo sijalisoma. Usinimalizie uhondo." Kijana akasema hata angetaka asingeweza, maana karatasi ya mwisho imechanwa. "Limeishia patamu, halafu hakuna mwisho."

Hapo pana istilahi tatu za uhakiki, na hakuna hata moja inayofundishwa darasani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hufundishwa mhusika mkuu, msuko na taharuki. Sina ugomvi na mhusika mkuu. Taharuki ndiyo inayonisumbua. Nje ya darasa neno hilo tunalikuta kwenye vichwa vya habari, moto ukiwaka sokoni au chui akionekana karibu na shule: taharuki imetanda. Ni hofu ya watu wanaokimbia. Msomaji wa katuni hakimbii popote. Ameketi kwenye benchi na anataka karatasi inayofuata.

Wataalamu wetu wametumia nguvu nyingi kutafuta jina la kitu chenyewe, na mpaka leo hatujaelewana. Katuni ni neno pana mno: mchoro wa Masoud Kipanya unaowachapa wanasiasa ni katuni, filamu ya watoto kwenye televisheni ni katuni, na mtu mwenye vituko naye huambiwa "wewe katuni kweli". Vibonzo kwa Mtanzania mara nyingi ni michoro ya kuchekesha iliyo kwenye karatasi. Mtoto wa Nairobi akiomba vibonzo anataka uwashe televisheni. Hadithi za picha lingefaa, ila lina wapangaji wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakisoma African Film, jarida la mpelelezi Lance Spearman, ambalo hadithi yake nzima ilipigwa kwa kamera, picha moja baada ya nyingine, na maneno yakabandikwa juu. Faraji Katalambulla, yule aliyeandika Simu ya Kifo, akatoa Film Tanzania kwa Kiswahili kwa mtindo huohuo. Karatasi ikaitwa filamu na hakuna aliyedai kudanganywa. Kisha Joshua Amandus Mtani, mwishoni mwa miaka ya 1990, akaichukua filamu kweli ya Marekani akaigeuza kuwa kitabu cha michoro: Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic. Yeye aliiita mkasa, na alipatia, kwa sababu hadithi inaweza kuwa ya raha tupu lakini mkasa lazima mtu apatwe na jambo.

Jina zuri kuliko yote lilizaliwa Nairobi katika miaka ya 1980. Terry Hirst, aliyekuwa ameanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, alitoa mfululizo wa ngano zilizochorwa akauita Pichadithi. Picha na hadithi zimeunganishwa bila mshono kuonekana, na neno linatamkika kama limekuwapo siku zote. Lilibaki jina la mfululizo ule tu. Ningekuwa na mamlaka ningelitoa huko na kuliingiza kwenye kamusi kama nomino ya kawaida, lakini sidhani kama kuna mtu Kisawasawa angelitumia. Yeye anasema "gazeti la katuni", hata likiwa jarida, hata likiwa kitabu, na mwenzake anamwelewa.

Kwa hiyo jina la kitu linayumba, ila maneno ya kukipima yamesimama imara. Tuanze na stering. Limetokana na neno la Kiingereza lililokuwa likitokea kwenye kioo kabla ya jina la mwigizaji mkuu. Watazamaji wetu wakadhani, au wakaamua, kwamba ndiyo kazi ya mtu huyo: mwingine ni adui, mwingine ni polisi, huyu ni stering. Neno lilihama kutoka majumba ya sinema kwenda vibanda vya video, likaingia kwenye magazeti ya katuni, nalo lina sheria yake inayojulikana na kila mtu, kwamba stering hafi. Mhusika mkuu wa darasani anaweza kufa ukurasa wa kumi na mtihani ukaendelea. Stering akifa, msomaji ana haki ya kudai hela yake.

Uhondo ni neno la zamani la chakula na karamu, na mzee wa kwa kinyozi alilitumia vilevile. Kumalizia mtu uhondo ni kumsimulia mwisho kabla hajaufikia. Lugha nyingine zinalisema kosa hili kwa picha ya kitu kuharibika. Sisi tunamshtaki msimulizi kwa ulafi: amekula sehemu ya mwenzake. Ndiyo maana mtu hukasirika kweli. Hadithi bado ni nzima, ila amepunjwa.

Sasa patamu, ambalo ndilo lililonileta hapa. Tunasema hadithi imeishia patamu. Haikuisha vizuri wala vibaya. Imeishia mahali, na mahali penyewe ni patamu. Kitenzi kimebeba kiambishi cha kutendea, ishia, kinachodai kujua ni wapi, na kivumishi kinajibu kwa pa- ya mahali. Ndani ya maneno mawili sarufi imekubali kwamba hadithi ni njia na msomaji ni msafiri aliyeshushwa kabla ya kituo chake. Waingereza kwa jambo hilohilo humning'iniza stering kwenye ukingo wa genge. Kwetu hatari ya stering haikutajwa kabisa. Kilichotajwa ni ulimi wa msomaji.

Tena wasomaji hawalichanganyi na mengine. Kuishia patamu ni ufundi wa mwandishi, hata kama anayelisema analalamika. Kuishia hewani ni uzembe: mwandishi amesahau kwamba mama wa stering bado amefungiwa stoo. Kuishia pabaya ni habari ya mhusika, si ya hadithi. Hadithi iliyovutwa ni ile iliyopaswa kwisha matoleo matatu yaliyopita. Mchoraji aliyechuja ni yule ambaye zamani alikuwa akikuchekesha kabla hujamaliza kusoma maneno. Nikitaka kumfundisha kijana uhakiki, ningeanzia hapa kabla ya kumpa msuko na vijenzi vyake.

Na baada ya patamu huja arosto. Neno hili lilitoka kwa watumiaji wa dawa za kulevya, likimaanisha mateso ya mwili unaokosa ulichouzoesha. Vijana wamelihamishia kwa wasomaji wa hadithi za kuendelea: "Umeniacha na arosto," anaambiwa mwandishi aliyechelewesha sehemu inayofuata. Najua wapo watakaokunja uso. Lakini sijaona neno la heshima zaidi linalotaja kitu hiki hasa. Hamu ipo kabla ya kuanza kusoma. Arosto inakuja baada ya kuonja na kunyimwa.

Wachoraji nao wamekuwa mafundi wa lugha kwa njia yao, hasa katika kuwapa watu wao majina. Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu kuanzia miaka ya 1950 na hakuacha kwa miongo mingi. Kalulu ni sungura katika lugha za Malawi na Zambia, na sungura wa ngano zetu ndiye mjanja wa wajanja. Juha ni mpumbavu. Kwa hiyo jina lenyewe linagombana kabla hata mchoro wa kwanza haujaanza. Gazeti la Sani, ambalo jina lake limeshonwa kutokana na Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, lilifuata njia hiyo kwa Lodi Lofa: lodi ni bwana mkubwa, lofa hana mbele wala nyuma, na huyu ni vyote viwili kwa wakati mmoja. Ndumilakuwili wa gazeti hilohilo hakuhitaji kuundwa, lugha ilikuwa naye tayari. Ni nyoka wa kuuma kwa ncha zote mbili, na ni jirani yako anayekuchekea asubuhi na kukusema jioni. Chakubanga wa Christian Gregory, kwenye gazeti la Uhuru, jina lake halihitaji maana. Litamke tu, utasikia mtu mzito akitua.

Hapo kwenye kutua ndipo nina ugomvi na wachoraji. Mlango ukigongwa, risasi ikilia au mtu akianguka, wengi wao wananakili milio ya katuni za Marekani kwa herufi kubwa zenye miiba. Anayelala wanamwekea herufi z tatu juu ya kichwa, wakati lugha yake imemwandalia fofofo. Picha nyeusi kabisa inaachwa bila neno, ilhali giza letu lina totoro. Tunazo tanakali za sauti ambazo walimu huzikaririsha kisha tunazisahau mtihani ukipita, nazo zina usahihi wa kushangaza. Mtu anaanguka tifu mchangani, chubwi majini, tapwi matopeni. Mzigo unaanguka pu. Tanakali haikuambii tu kwamba kuna aliyeanguka, inakuambia pia chini yake kulikuwa na nini. Mchoraji aliyeandika tapwi hana haja ya kupaka tope.

Kwa msomaji wa Kisawasawa, katika bonde la Kilombero, hilo si jambo dogo. Bonde hili ni la mafuriko. Tangu mwaka 2002 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu duniani. Watu wa hapa wanapanda mpunga miguu ikiwa ndani ya tope, na kila mmoja ameshaanguka tapwi mbele ya watu. Yule kijana wa kandambili alinionyesha picha moja kwenye lile gazeti lisilo na jalada. Adui amesukumwa, ameingia kwenye dimbwi mpaka kiunoni, na pembeni pameandikwa mlio wa bati kugongwa. "Huyu aliyechora hajawahi kulima," alisema. Alikuwa anahakiki tahajia ya sauti, na alikuwa sahihi.

Yapo mahitaji machache ya kweli ya kuunda istilahi, na siyakatai. Lile umbo linalotoka mdomoni mwa mhusika likiwa limebeba maneno halina jina lililokubalika. Kwa kinyozi watu huweka kidole na kusema "hapa juu alivyosema". Mimi ningechagua kiputo. Chumba kimoja cha mchoro nacho kinaitwa tu "picha ya pili pale juu", na sioni kilichopungua, ingawa kisanduku kingewafaa walimu. Nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku, ambamo muda hupita bila kuchorwa, bado inasubiri jina, na naomba lisitungwe na mtu ambaye hajasoma katuni hata moja mwaka huu.

Kwa hiyo, ndugu mtunga kamusi, kabla hujaitisha kikao kingine cha kuamua kama ni katuni au kibonzo, nenda kwenye banda la kinyozi na daftari. Andika stering pamoja na sheria yake. Andika kumalizia uhondo, kuishia patamu, kuishia hewani, kuvutwa na kuchuja. Arosto ipe maana ya pili na uonyeshe ilikotoka bila kuona haya. Nawe mchoraji, adui akisukumwa jarubani katika toleo lijalo, tafadhali andika tapwi.