KHANGA ILIPOANZA KUSEMA

Khanga za mwanzo, mwishoni mwa karne ya 19 huko Zanzibar na Mombasa, hazikuwa na maneno. Yaliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kwa herufi za Kiarabu. Anayetajwa sana ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule "Abdulla". Tangu hapo mke aliyekerwa na wifi, au na mume wa kuacha viatu katikati ya sebule, hakuhitaji kupaza sauti. Anajifunga, anapita. Silaumu, ni heri kuliko matusi. Ila kejeli ni kejeli hata ikichapwa kwenye kitambaa, na Suratul Hujurat aya ya 11 imeikataza. Hapa Singida ndoa nyingi ninazosuluhisha ziliharibiwa na kero ndogo isiyotamkwa. Baba, khanga ileile ikipita mbele yako siku ya tatu, muulize mama watoto.