Augustino Alitafuta Msaidizi



Neno letu la leo latoka katika Waraka wa Yakobo, sura ya 5, mstari wa 16. Hapo twaagizwa kuungamiana dhambi zetu na kuombeana, tupate kuponywa. Yakobo hakusema tumwambie Mungu peke yake. Alitaka awepo na ndugu wa kusikia. Kwa ajili ya neno hili twataka kutazama habari za Mwafrika mmoja wa kale, maana katika makanisa yetu wako watu waliofungwa na tamaa za mwili, wanatubu kila Jumapili na kuanguka kila Jumatatu, wala hawajui waende kwa nani.

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ulio katika nchi ya Algeria ya leo. Mama yake, Monika, alikuwa mtu wa maombi. Lakini kijana alipokwenda Carthage kusoma, alizama katika anasa, kisha akakaa kinyumba na mwanamke mmoja kwa miaka zaidi ya kumi, wakapata mtoto wa kiume. Hayo hatukuyapata kwa uvumi. Aliyaandika mwenyewe akiwa askofu, katika kitabu chake cha Maungamo, karibu na mwaka 400. Anaeleza kwamba hakufungwa na mtu mwingine. Alijifunga mwenyewe, pete kwa pete kama mnyororo: kwanza alitaka, kisha akazoea, na mwisho hata alipotaka kuacha hakuweza.

Jamaa zake walifanya nini? Walifanya kama wafanyavyo wazee wengi hata leo: walimtafutia mchumba. Yule mwanamke akarudishwa Afrika, na mtoto akabaki kwa baba yake. Lakini mchumba alikuwa bado mdogo, ikapasa kungoja karibu miaka miwili. Augustino hakuweza kungoja. Akachukua mwanamke mwingine. Ndugu zangu, tusimwoze kijana aliyefungwa tukidhani ndoa ni dawa. Mara nyingi tunamwongeza mke wa kuumia naye.

Ndipo Augustino alipotafuta mtu wa kumwambia. Alikuwa Milano, na askofu wa hapo alikuwa Ambrosio, mhubiri mkuu. Kila mara alipomwendea alimkuta amezungukwa na watu wenye shida zao, au anasoma kimya, akaona haya kumsumbua. Akaondoka bila kusema lililomleta. Je, ni wangapi wamekuja mpaka mlango wa mchungaji wakarudi hivyo hivyo?

Lakini hakukata tamaa. Alimwendea mzee mmoja, kasisi Simplicianus, akamweleza jinsi alivyopotea. Mzee hakumkaripia. Alimsikiliza, kisha akamsimulia habari za Victorinus, mwalimu mashuhuri wa Roma, aliyeamini kwa siri kwa sababu ya kuogopa rafiki zake, hata siku ile alipoishinda haya akakiri mbele ya kanisa lote. Baadaye, mwaka 386, Augustino aligeuzwa moyo katika bustani moja huko Milano alipoisoma Warumi sura ya 13, na rafiki yake Alypius alikuwa karibu naye. Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa na Ambrosio. Neema ilikuwa ya Mungu, lakini ilimfikia akiwa amekwisha kufungua kinywa chake.

Jambo hili limerudi tena na tena katika historia. Katika miaka ya 1930 uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulienea Uganda na hata kwetu Kenya, na ndugu walijifunza kutembea nuruni kwa kuungama dhambi zao katika ushirika. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili waliokutana walianzisha chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe. Walikuwa wamefunzwa na kundi la Wakristo waliozoea kuungamiana. Mwaka 1976, katika mji wa Boston, njia hiyo ilianza kutumiwa na watu waliotawaliwa na zinaa.

Waganga nao walichunguza. Shirika la Afya Duniani limeutia ugonjwa huu katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Wanasema hivi: mtu ashindwe kuizuia tamaa kwa muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi, ajaribu kuacha mara nyingi bila kufaulu, aharibu nyumba, kazi au afya yake, na bado aendelee hata asipopata raha. Tena wameonya kwamba kuhukumiwa na dhamiri peke yake hakutoshi kumwita mtu mgonjwa. Basi si kila aliyejaribiwa ni mgonjwa. Wala jina la ugonjwa halimwondolei mtu wajibu: aliyemdhuru mtoto au kumlazimisha mwanamke atajibu mbele ya sheria na mbele za Mungu.

Ndugu uliyefungwa, umtafuteje Simplicianus wako? Anza kwa daktari. Maana yako magonjwa ya akili yanayoamsha tamaa kupita kiasi, na hata dawa fulani za ugonjwa wa kutetemeka huweza kufanya hivyo. Kisha tafuta mshauri aliyesomea kazi hiyo. Hapa Kenya sheria ya mwaka 2014 yataka washauri na wanasaikolojia waandikishwe na bodi yao; basi usione haya kumwuliza kama ameandikishwa. Mwulize kama amewahi kuwasaidia watu wenye shida kama yako, naye ataitunzaje siri yako. Mkimbie mwenye kuahidi kukuponya kwa siku moja. Mkimbie pia anayekucheka, anayekuambia kwamba hakuna ubaya wowote, au anayetaka kukushika mwili. Mshauri mwema atakufundisha kuzijua saa na mahali pa kuanguka kwako, na huzuni au upweke unaokusukuma, nanyi mtafanya kazi hiyo kwa majuma mengi.

Kwenda kwake si kupungukiwa imani. Mwenye homa ya malaria huomba, na dawa humeza. Endelea na maombi, endelea na ushirika, lakini jambo zito kama hili lipeleke kwanza kwenye sikio moja linalotunza siri, kabla ya kulisema mbele ya wengi.

Nanyi wachungaji na wazee, msiwe na shughuli nyingi hata mtu akarudi mlangoni kwenu na mzigo wake. Na msipoweza kuubeba, mjue ni nani awezaye, mkampeleke.

Na tuombe. Bwana, uliyemfungua mtumishi wako Augustino, uwape waliofungwa ujasiri wa kusema, utupe sisi masikio ya kusikia bila kuhukumu. Katika jina la Yesu, Amina.