Kibla Chetu na Mstari Wima

Umewahi kujiuliza mbona sisi wa Mombasa, tukisimama kwa tarawehe, tunaelekea kaskazini?

Hebu chukua kalamu. Longitudo iwe x, latitudo iwe y, na kusini mwa ikweta tuhesabu hasi. Makka, kwa makadirio, iko kwenye nukta (40, 21). Andika mlinganyo wa mstari wima unaopita hapo. Wengi wetu shuleni tuliteleza papa hapa, tukaandika y, eti kwa kuwa mhimili wa y umesimama wima. Kumbe swali ni moja tu: ni kipi kisichobadilika? Ukipanda na kushuka, y hubadilika lakini x hubaki 40. Basi mstari wima ni x = 40, na ule mlalo ni y = 21.

Sasa, Mombasa iko karibu na (40, -4). Umeona? x ni ile ile! Tofauti halisi haifiki hata robo ya digrii. Ndiyo maana wazee wa pwani mara nyingi walisema "kibla" wakikusudia kaskazini.

Kuipa miji longitudo na latitudo ni elimu ya kale. Ptolemy aliiandika katika karne ya 2. Katika karne ya 9, al-Khwarizmi wa Baghdad, ambaye kitabu chake kilitupa neno aljebra, aliandika orodha mpya ya miji na vipimo vyake. Mwaka 1025 al-Biruni akakamilisha kitabu cha kupima mahali pa miji, akitafuta pia kibla cha Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Ghazna na Makka hazina x moja wala y moja, kwa hivyo ilimbidi atumie hesabu ngumu za pembetatu za tufe. Mwaka 1637, Descartes wa Ufaransa akachapisha kitabu kilichounganisha aljebra na jometri, na njia hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye x = 40.

Ndugu yangu, usiseme hesabu si yetu. Wala tusijigambe tu: al-Biruni alisoma vitabu vya Wagiriki na Wahindi bila kuona haya, na jina lake halitatujazia karatasi ya mtihani. Mwezi huu, baada ya darsa, fungua na daftari la hesabu.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.