Upimaji wa mtiririko wa damu miguuni

Upimaji wa mtiririko wa damu miguuni ni njia ya kitabibu ya kutambua ateri za mguu zilizoziba au kuwa nyembamba kwa sababu ya mafuta yaliyoganda katika kuta zake. Sigara, kisukari, presha na umri mkubwa huongeza hatari. Dalili inayojulikana zaidi ni kigimbi kubana mtu anapotembea, kisha kutulia akisimama. Kuli wa maghala ya nafaka ya Kizota, jijini Dodoma, anaweza kuidhania kuwa uchovu wa magunia. Kipimo ndicho hutoa jibu.

Kipimo cha kwanza ni uwiano wa presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Mgonjwa hulala chali kwa dakika 10 hivi, kisha hupimwa presha mikononi na juu ya vifundo, mapigo yakisikilizwa kwa kifaa cha Doppler. Kifundo kikiwa na 90 na mkono 140, uwiano ni 0.64. Kawaida ni 1.00 hadi 1.40, 0.90 kushuka chini ni ugonjwa. Ukizidi 1.40, ateri zimekakamaa na hazibonyei, hali inayowapata hasa wenye kisukari cha muda mrefu. Hao hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu.

Uwiano huo huonyesha presha, si kiasi cha damu. Kiasi hupimwa kwa plethismografia, ambayo Hewlett na van Zwaluwenburg waliieleza mwaka 1909. Mkanda wa pajani hujazwa hewa hadi milimita 50 hivi za zebaki. Vena hubanwa, ateri huendelea kuleta damu, na kigimbi huvimba. Kasi ya kuvimba ndiyo mtiririko. Mguu uliopumzika hupata takriban mililita 2 hadi 4 kwa dakika katika kila mililita 100 za mguu. Mgonjwa naye anaweza kupata kiasi hicho hicho, kwani mguu usiofanya kazi hauhitaji damu nyingi. Upungufu hujitokeza baada ya kutembea, hivyo kipimo hurudiwa wakati huo.

Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliukuta ugonjwa huu kwa watu 57 kati ya 146 wenye kisukari. Kwa hiyo kidonda cha mguu cha mwenye kisukari kisiishie kuoshwa na kufungwa. Mguu upimwe pia, kwani kidonda kisichofikiwa na damu hakiponi.