Nyumba ya Shangani, Pembe za Itawa

Nilikulia Kasanga, kusini mwa Ziwa Tanganyika, mji ambao Wajerumani waliuita Bismarckburg. Nilipokwenda Zanzibar kwa utafiti wa shahada ya uzamili, sikutarajia kukuta habari za kwetu. Nilizikuta Shangani, mbele ya mlango wa nakshi wa nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip.

Ni nyumba ya karne ya 19, ya tajiri aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za matajiri zilitaifishwa. Hii leo wanaishi familia kadhaa, na siku ile nguo zilikuwa zimeanikwa dirishani. Imo ndani ya Mji Mkongwe, uliotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, kwa hiyo kuta zake zinalindwa.

Lakini kuta hizo zililipiwa na nini? Tippu Tip hakuficha. Aliandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Humo anasimulia jinsi alivyompiga Nsama, mtawala wa Itawa, mwaka 1867. Itawa ni majirani zetu: ukiwa Kasanga, iko ng'ambo ya ziwa, kaskazini mwa Zambia ya leo. Katika hesabu ya nyara zake zimo frasila 1,950 za pembe za ndovu, yaani tani kama 30. Walitekwa na watu pia.

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu. Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili. Basi mzigo ule ulihitaji mabega ya watu wapatao 1,000, na pwani ilikuwa mbali kwa zaidi ya kilomita 1,000. Jina la Nsama tunalo. Jina la Livingstone, aliyekutana na Tippu Tip mwaka huohuo na kusaidiwa naye, tunalo. Ya wapagazi na mateka hatunayo.

Sisemi nyumba ibomolewe. Ikianguka, tutapoteza ushahidi, na wanaoishi humo watapoteza makazi. Ninachosema ni kwamba kulinda chokaa na nakshi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kueleza utajiri ulitoka wapi, na nani aliubeba.

Bibi mmoja aliyekaa barazani aliniona nimesimama muda mrefu.

"Watoka wapi, mwanangu?"

"Kasanga, bibi."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mwisho wa Ziwa Tanganyika. Pembe zilizomtajirisha mwenye nyumba hii, nyingine zilitoka upande ule."

Akautazama mlango, kisha akanitazama mimi. Akasogea kidogo barazani.

"Basi kaa, unieleze."