"More better" na ndugu zake: tunapokosea kulinganisha kwa Kiingereza

Wiki chache zilizopita tulikuwa na mgeni studio, mtaalamu wa mbegu za mahindi asiyejua Kiswahili. Nikamuuliza kwa Kiingereza mbegu ipi ni bora zaidi kwa maeneo yetu ya baridi, na mdomo wangu ukatoa "more better". Yule bwana alinielewa na akajibu vizuri tu. Lakini kabla wimbo uliofuata haujaisha, simu ya studio ikapokea meseji ya mwanafunzi wa kidato cha tatu: "Mtangazaji, hiyo kwetu ni kosa, unakula sifuri."

Alikuwa na haki. Na kwa kuwa meseji za namna hiyo zimeendelea kuja, baadhi zikiuliza na nyingine zikinicheka, nimeona niandike hapa kwa kirefu kidogo ili mzazi aliyeko shamba na mtoto aliyeko shule wasome kwenye simu moja.

Tuanze na lugha yetu wenyewe, maana kosa linaanzia hapo. Kwa Kiswahili tunasema "Juma ni mrefu". Tukimpima na Asha tunasema "Juma ni mrefu kuliko Asha". Angalia neno "mrefu": halijaguswa. Kazi yote imefanywa na "kuliko". Kiingereza kinataka mambo mawili kwa pamoja: sifa yenyewe ibadilike, kisha ndipo "than" ifuate. Ndiyo maana wengi wetu tunaandika "Juma is tall than Asha". Tumeleta kuliko yetu, tumesahau kuibadilisha sifa. Sahihi ni "Juma is taller than Asha".

Hatuko peke yetu. Watamil wa kusini mwa India na Sri Lanka wana neno lao, "vida", linalokaa baada ya jina la yule wanayempima naye, na sifa inabaki ilivyo kama kwetu. Kwa hiyo mtoto wa Chennai na mtoto wa Chunya wanaweza kabisa kukosea sentensi ileile siku ileile.

Sasa "more better" inatoka wapi? Kwa maoni yangu inatoka kwenye "bora zaidi". Kwetu "bora zaidi" ni maneno mawili safi, hakuna anayekukosoa. Ukiyahamisha moja kwa moja, "zaidi" inakuwa "more" na "bora" inakuwa "better". Tatizo ni kwamba "better" ndani yake tayari ina zaidi. Ni kama kutia chumvi kwenye mboga iliyokwisha kutiwa chumvi. Vivyo hivyo "more taller", "more cheaper" na "most biggest". Chagua kimoja: ama mkia wa "-er" na "-est", ama "more" na "most" mbele. Ukitaka kujifariji, Waingereza wa enzi za Shakespeare, miaka 400 na zaidi iliyopita, waliandika hivyo na hawakuona aibu. Siku hizi msahihishaji wa mtihani hakuachii.

Swali linalofuata ndilo ninaloulizwa sana: nitajuaje neno lipi linapewa mkia na lipi linapewa "more"? Sikiliza mapigo ya neno, yaani silabi. Neno la pigo moja linapewa mkia: "tall, taller, tallest", "cheap, cheaper, cheapest". Neno la mapigo mawili linaloishia na "y" nalo hupewa mkia, ila "y" inageuka "i": "happy, happier, happiest"; "heavy, heavier, heaviest". Maneno marefu ya mapigo matatu na kuendelea yanatanguliwa na "more" na "most": "more expensive", "the most important", "more difficult". Yako maneno ya mapigo mawili yanayokubali njia zote mbili, kama "clever" na "quiet". Hayo usiumizwe nayo kichwa.

Hapo tuna mtego wetu sisi. Ulimi wa Kiswahili unapenda neno liishie na irabu, kwa hiyo "big" tunaitamka "bigi" na "strong" inakuwa "sitirongi". Ukihesabu mapigo kwa matamshi hayo utapata manne mahali penye moja. Hesabu kama Mwingereza anavyotamka, siyo kama tunavyotamka sokoni. Na unapoandika, maneno mafupi kama "big", "hot" na "fat" yanaongeza herufi moja ya mwisho: "bigger", "hotter", "fatter".

Yapo machache yasiyofuata sheria yoyote, na hayo dawa yake ni kukariri tu. "Good, better, best". "Bad, worse, worst". "Many" na "much" zote zinakwenda "more, most". "Little, less, least". Hakuna "gooder", hakuna "badder", na "worser" usiiandike popote.

Hapa niseme jambo ambalo si la darasani. Miaka kadhaa iliyopita shangazi yangu alilazwa, na daktari aliyekuwa zamu alikuwa mgeni wa kujitolea. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, nikijivunia cheti changu cha utangazaji. Daktari akauliza hali. Shangazi akasema, "Nina afadhali." Nikatafsiri haraka, "She is better now." Daktari akatabasamu, akaandika kitu, akasogea kitanda cha pili. Shangazi akanitazama: "Mbona ameondoka? Sijamwambia habari ya kifua."

Kwetu, mwenye afadhali bado ni mgonjwa. Amepungukiwa maumivu tu. Kwa Kiingereza "she is better" inaweza kumaanisha amepona kabisa. Ilibidi nimfuate daktari kitanda cha tatu nimweleze upya: "She is a little better than yesterday, but she is still sick. Her chest is worse." Akarudi, akampima kifua, akabadilisha dawa. Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anatafsiri "afadhali" au "nafuu" kwa neno moja la "better", nashtuka. Ongeza "a little" mbele, ongeza "than yesterday" nyuma, kisha taja kilichobaki. Na kama hali imezidi kuwa mbaya, neno ni "worse", siyo "bad than yesterday". "Worst" ni mbaya kuliko zote, kwa mfano usiku ule mmoja ambao hamkulala kabisa.

Tukiwa hapo hapo: "nzuri sana kuliko" inatuponza kusema "very better". "Very" inakaa na sifa isiyobadilishwa, kama "very good". Sifa ikishabadilishwa, tumia "much": "much better", "much cheaper".

Maneno "mkubwa" na "mrefu" yanahitaji uangalifu wa peke yake, maana kwetu yanabeba mizigo mingi. Mkubwa ni wa umbo, ni wa umri, na hata bosi kazini ni mkubwa. Ukisema "my sister is bigger than me", Mwingereza anaelewa kwamba dada yako ana mwili mkubwa, na dada akisikia huenda asifurahi. Wa umri ni "older": "my sister is older than me". Mrefu nako ni hivyo hivyo. Kamba ndefu ni "long", mtu mrefu ni "tall", na mlima mrefu ni "high". Usimwambie mgeni kwamba kaka yako ni "longer than me".

Milima na maziwa ndiyo mazoezi ninayoyapenda mimi, kwa sababu mtoto anajifunza mambo mawili kwa mpigo. Kilimanjaro ina mita 5,895 na Mlima Kenya mita 5,199. Basi: "Kilimanjaro is higher than Mount Kenya." Kisha: "Kilimanjaro is the highest mountain in Africa." Usiiache ile "the", sisi hatuna neno la namna hiyo, kwa hiyo linatuponyoka kila mara. Ziwa Victoria ni kubwa kuliko yote Afrika: "the largest lake in Africa". Ziwa Tanganyika ndilo lenye kina kirefu zaidi Afrika, na duniani linapitwa na Baikal la Urusi peke yake. Kwa hiyo unaweza kusema "one of the deepest lakes in the world". Umeona "lakes"? Ni moja kati ya mengi, ndiyo maana kuna "s". Wengi wanaandika "one of the deepest lake".

Umeona pia kwamba sikusema "higher than all". Kwa Kiswahili "mrefu kuliko wote" inatosha na kila mtu ameelewa. Mwingereza akisikia "taller than all" anajiuliza, je, huyu naye si mmoja wa hao wote? Amejizidi mwenyewe? Sema "the tallest of all", au "taller than all the others". Ukitaja mahali au kundi, tumia "in": "the tallest in the class". Na mkiwa wawili tu, kwa sarufi ya shule ni "the taller of the two". "Tallest" inasubiri watatu.

Barua za kazi nazo zina lao. Kijana mmoja alinionyesha yake kabla hajaituma, imeandikwa "I prefer farming than business". Ni "kuliko" tena imejipenyeza. "Prefer" haipatani na "than"; inataka "to": "I prefer farming to business". Na mwandamizi wako kazini ni "senior to me", siyo "senior than me". Jihadhari pia na "then" badala ya "than". Kwenye midomo yetu zinasikika sawa, kwenye karatasi moja ni "kisha" na nyingine ni "kuliko".

Mwisho, pale ambapo Kiswahili kinatusaidia badala ya kutuponza. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza wenyewe huchanganya "less" na "fewer". Sisi hatuna sababu, kwa kuwa tuna "kidogo" na "chache". Ukiweza kusema chache, andika "fewer": mbuzi wachache, "fewer goats", mifuko michache, "fewer bags". Ukilazimika kusema kidogo, andika "less": maziwa kidogo, "less milk", mvua kidogo, "less rain". Yule mwanafunzi wa kidato cha tatu nilimpa hii kwa meseji, naye akajibu kwamba darasani kwao hakuna aliyekuwa anajua.