Majani Yalivyorudi Horini

Kabla ya dawa za kiwandani, nguruwe wa Ulaya alinenepeshwa msituni. Majani yakianza kupukutika, wachungaji waliswaga makundi yao chini ya mialoni, ili nguruwe wale matunda yaliyodondoka hadi wanenepe vya kutosha kuchinjwa. Kitabu cha Domesday cha mwaka 1086, daftari la mali za Uingereza, mara nyingi hupima msitu kwa idadi ya nguruwe unaoweza kuwalisha. China nako, mwandishi Jia Sixie alikwisha kuandika juu ya ufugaji wa nguruwe tangu karne ya 6.

Mwaka 1950 mambo yaligeuka. Thomas Jukes na Robert Stokstad, watafiti wa kampuni ya Lederle ya Marekani, walikuwa wakiisaka vitamini B12 katika masalia ya utengenezaji wa antibiotiki; wakakuta vifaranga wanaoyala wanakua haraka kuliko wenzao. Haukupita muda mrefu, nguruwe mzima wa afya akawa anakula dawa kila siku, dozi ndogo ndogo, ili tu aongeze kilo. Bei nafuu iliwafumba watu macho.

Mwaka 1969 kamati ya Swann iliionya Uingereza kuhusu bakteria sugu wanaotokana na dawa hizo. Sweden ilipiga marufuku dawa za kukuzia mifugo mwaka 1986, na nguruwe wakubwa hawakutetereka sana. Walioharisha ni watoto waliotoka kuachishwa ziwa. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango Januari 1, 2006. China ilifuata mwaka 2020, miaka mitano baada ya watafiti wake kutangaza jeni ya mcr-1, inayoishinda kolistini, dawa ya akiba hospitalini.

Hapo ndipo oregano, kitunguu saumu na mdalasini vilipopata soko katika chakula cha nguruwe, badala ya dawa hizo. Sheria ndiyo iliyovirudisha, si ugunduzi mpya. Karvakroli iliyomo ndani ya oregano hutoboa utando wa bakteria, na maabarani hilo huonekana wazi. Bandani hadithi ni nyingine: nguvu ya mmea hubadilika kwa udongo na msimu wa kuvuna, na nguruwe wa kunenepesha, ambaye utumbo wake umekomaa, mara nyingi hanufaiki kama mtoto. Muuzaji hupenda kuonyesha matokeo ya maabara (nani angemlaumu?).

Na yapo maradhi ambayo jani halina la kufanya. Homa ya nguruwe ya Afrika, aliyoieleza mtafiti Montgomery nchini Kenya mwaka 1921, haina tiba hadi leo. Mfugaji huizuia kwa uzio unaowazuia ngiri, kwa kuua kupe na kwa kutowapa nguruwe makombo yenye nyama.